Flint: maji yalivyoamsha risasi iliyolala

Oktoba 2014, kiwanda cha injini cha General Motors mjini Flint, jimbo la Michigan, Marekani, kiliacha kutumia maji ya mji. Vipuri vilivyooshwa kwa maji hayo vilikuwa vinaota kutu. Tatizo lilikuwa kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, nayo ilikuwa nyingi mno, kwa hiyo wenye kiwanda wakaomba kuunganishwa na maji ya mamlaka jirani. Wakakubaliwa. Lilionekana ni suala la chuma, likamalizwa kama suala la chuma. Watu wa mji wakaendelea kunywa maji yale yale kwa mwaka mwingine mzima.

Kisa cha Flint, cha maji ya koki yaliyobeba metali ya risasi hadi kwenye miili ya watu, mimi hupenda kukianzia hapo kiwandani, si kwenye siasa zake. Siasa zipo, tena chungu, ila zimeandikwa sana. Kikemia, kila kitu kilikuwa kimeshasemwa mwezi ule: maji yanayokula vipuri vya injini hayawezi kuyaonea huruma mabomba yaliyofukiwa ardhini.

Kuna jambo linalowapita hata wengi wanaokijua kisa hiki. Mto Flint haukuwa na tatizo la risasi. Hakuna lori lililomwaga sumu usiku, wala kiwanda kilichotiririsha risasi mtoni. Maji yalitoka kwenye mtambo wa kusafishia yakiwa hayana risasi ya kutisha. Yaliichukua njiani, kwenye mita chache za mwisho kabla ya koki.

Kiswahili kimeipa metali hii na kile kinachotoka kwenye bunduki jina moja. Humu nazungumzia metali: nzito, laini, inayokunjwa bila shida. Ndiyo maana mafundi waliipenda tangu enzi za Warumi, na alama yake ya kikemia, Pb, inatokana na neno la Kilatini plumbum. Marekani ilipiga marufuku mabomba mapya ya risasi mwaka 1986. Ya zamani yakaachwa yalipo, kwa mamilioni, yakiunganisha bomba kuu la barabarani na nyumba moja moja.

Kilichobadilika tarehe 25 Aprili 2014

Kwa karibu miaka 50 Flint ilinunua maji yaliyokwisha kusafishwa kutoka Detroit. Chanzo chake kilikuwa Ziwa Huron, maji ya baridi, yenye chumvi kidogo, yasiyobadilika sana kati ya msimu mmoja na mwingine. Lakini mji ulikuwa umekaukiwa fedha kiasi cha kuwekwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo, na bomba jipya la kuleta maji moja kwa moja kutoka ziwani lilikuwa bado linajengwa. Ikaamuliwa kwamba katika kipindi cha kusubiri mtambo wa zamani wa mji ufufuliwe, uvute maji ya Mto Flint. Tarehe 25 Aprili 2014 mitambo ikageuzwa, viongozi wakanyanyua glasi za maji na kupongezana.

Mto hauna tabia za ziwa. Wakati wa baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, na theluji ikiyeyuka chumvi hiyo huishia mtoni. Mto pia hubeba mabaki ya majani na udongo, na joto lake hupanda na kushuka. Ili kugandisha tope lile lizame, mtambo ulitumia kloridi ya feri, dawa ya kawaida kabisa, isipokuwa kila gramu yake huacha kloridi nyingine majini. Maji yaliyofika majumbani yakawa na kloridi karibu mara nane ya yale ya Detroit.

Kilichopungua ndicho kilichouma zaidi. Maji ya Detroit yalikuwa yanatiwa fosfeti kidogo, dawa isiyoua kijidudu wala kuondoa rangi. Kazi yake ni kulinda mabomba tu. Kanuni ya risasi na shaba, iliyotungwa Marekani mwaka 1991, inautaka mji wa ukubwa wa Flint udhibiti ulikaji wa mabomba. Idara ya mazingira ya jimbo ikaifasiri kwa namna yake: mji uchukue kwanza sampuli kwa awamu mbili za miezi sita, ndipo ijulikane kama dawa inahitajika. Yaani waachwe kwanza wanywe, tuone. Makadirio yaliyotajwa sana baadaye yaliweka gharama ya dawa hiyo kwenye dola 100 hivi kwa siku.

Ndani ya bomba

Ukilikata bomba kuukuu la risasi kama unavyokata muwa, utaona ukuta mnene wa kijivu, na kwa ndani kabisa, upande unaoguswa na maji, ukoko mwembamba. Rangi yake ni nyeupe chafu au ya kahawia, na unene wake mara nyingi haufikii milimita moja. Ukoko huo ndio uliosimama kati ya familia na risasi kwa miongo yote ile.

Hujengwa hivi. Risasi ikikaa kwenye maji yenye oksijeni au klorini, chembe zake hupoteza elektroni mbili mbili na kuondoka ukutani zikiwa ioni, yaani chembe zenye chaji. Hilo halizuiliki. Linaloweza kuchaguliwa ni ioni hiyo itakutana na nani. Ikikutana na kaboneti, hutengeneza kitu kinachoyeyuka kwa shida, kikatulia ukutani. Ikikutana na fosfeti, hutengeneza madini yasiyoyeyuka karibu kabisa, yakang'ang'ania pale pale. Hivyo kila ioni inayotoroka inageuka tofali la kuizuia ya nyuma yake. Lakini ikikutana na kloridi nyingi, huambatana nayo na kusafiri na maji hadi kwenye glasi.

Hali huwa mbaya zaidi pale risasi inapogusana na shaba, kwa mfano kwenye maungio. Metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvi ni betri. Risasi inatoa elektroni, shaba inapokea. Juu ya risasi chaji chanya inaongezeka na kuvuta kloridi, na sehemu hiyo ndogo hugeuka kuwa na asidi hata kama maji mengine bombani hayana. Salfeti huweza kutuliza kidogo, maana risasi na salfeti huunda kitu kisichoyeyuka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa ulikaji hawaitazami kloridi peke yake. Huigawa kwa salfeti. Kwa maji ya Detroit jibu lilikuwa kama 0.45. Kwa maji ya Mto Flint yaliyosafishwa lilikuwa kama 1.6. Hesabu ya darasani kabisa, na ilitosha kumshtua mhandisi.

Halafu ukoko wenyewe si saruji. Unaishi kwa makubaliano na maji yanayopita juu yake. Ukiyaondolea maji fosfeti, ukoko nao unaanza kurudisha ulichokishika. Unalegea, unapasuka, unabanduka vipande. Kwa hiyo vipimo vya Flint viliruka ajabu: nyumba ile ile, leo mikrogramu mia za risasi kwa lita, kesho maelfu. Risasi iliyoyeyuka hupanda na kushuka taratibu, ilhali kipande kilichobanduka huingia kwenye chupa moja ya sampuli na kuikosa inayofuata.

Wala haya hayakuwa mageni. Mwishoni mwa mwaka 2000 jiji la Washington lilibadilisha dawa ya kuua vijidudu, kutoka klorini kwenda kloramini, kwa nia njema ya kupunguza kemikali mbaya zinazozaliwa na klorini. Mto ulikuwa ule ule na mabomba yale yale. Lakini ukoko wa humo ulikuwa wa aina ya oksidi inayosimama imara tu ikiwa kuna klorini kali. Klorini ilipoondoka ukayeyuka, na risasi ikafika kwenye koki za maelfu ya nyumba. Mmoja wa waliolichunguza jambo hilo ni Marc Edwards, mhandisi wa chuo kikuu cha Virginia Tech. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuitwa Flint.

Klorini iliyofia njiani

Risasi ndiyo iliyoipa Flint jina, ila iliyoonekana kwa macho ilikuwa kutu. Mabomba makuu ya miji mingi ya zamani ni ya chuma, na chuma nacho kililika. Wakazi walifungua koki ikatoka rangi ya chungwa, mara nyingine ya chai, wakaambiwa maji ni salama.

Chuma kinapolika hutoa elektroni, na klorini ni mlaji mkubwa wa elektroni. Mtambo uliweza kutia klorini ya kutosha asubuhi, ikafa njiani ikipambana na kutu kabla haijafika mtaa wa mwisho. Agosti na Septemba 2014 wakazi wa sehemu za mji walitangaziwa wachemshe maji kwa sababu ya bakteria. Klorini ikaongezwa. Klorini zaidi ikakutana na mabaki ya majani ya mtoni na kuzaa trihalomethani, kundi la kemikali linalowekewa kikomo kwa kuhofiwa kuleta saratani, na Januari 2015 wakazi wakapelekewa barua kwamba kikomo kimevukwa. Kila tiba ikazaa ugonjwa wake, kwa sababu chanzo, yaani maji yanayokula bomba, hakikuguswa.

Na huo ushauri wa kuchemsha! Kwa bakteria ni sahihi kabisa. Risasi haipandi na mvuke. Maji ndiyo yanayopanda, risasi inabaki sufuriani imekolea zaidi. Mama aliyetii tangazo barabara na kuchemsha maji ya mtoto dakika nyingi alikuwa, bila kujua, anaikoleza.

Klorini iliyokwisha na chuma kilichojaa ni mazingira mazuri kwa bakteria aina ya lejionela, ambao huishi kwenye utando ndani ya mabomba na huhitaji chuma ili kustawi. Bakteria hawa hawaingii kwa kunywa. Mtu huwavuta kwa pumzi, kwenye manyunyu ya bafu au ukungu wa mitambo ya kupozea majengo. Uchafuzi wa maji hapo unageuka uchafuzi wa hewa bila kumwaga tone. Katika 2014 na 2015 eneo la Flint lilirekodi wagonjwa takriban 90 wa nimonia ya lejionela, na 12 kati yao walifariki. Vifo hivyo hutajwa kwa sauti ya chini kuliko risasi, sijui kwa nini. Kwangu ni nusu nzima ya kisa.

Nyumba yenye mabomba ya plastiki

Februari 2015 mama mmoja mwenye watoto wanne alipimiwa maji ya nyumbani kwake: mikrogramu 104 za risasi kwa lita. Kiwango kilichoilazimu mamlaka kuchukua hatua wakati huo kilikuwa 15. Machi yakapimwa tena: 397. Jibu alilopewa ni kwamba tatizo ni mabomba ya ndani ya nyumba yake.

Mabomba ya ndani ya nyumba yake yalikuwa ya plastiki.

Nalipenda jambo hili kuliko data zote za Flint, maana halihitaji maabara. Plastiki haitoi risasi kwa kiwango hicho. Ukiyaondoa mabomba ya ndani kwenye orodha ya watuhumiwa, unabaki na lile lililo chini ya ardhi, kutoka barabarani hadi ukutani. Aprili timu ya Edwards ilipima chupa baada ya chupa za maji ya nyumba hiyo: wastani ulizidi 2,000, na chupa moja ilifika 13,200. Sheria za Marekani huzihesabu takataka zinazotoa mikrogramu 5,000 za risasi kwa lita kuwa taka hatarishi. Miguel Del Toral, mtaalamu wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, aliandika waraka wa ndani Juni 2015 akieleza wazi kwamba mji hauna udhibiti wa ulikaji. Waraka huo haukusogeza jambo upesi.

Kwa nini basi takwimu rasmi zilionyesha nafuu? Kanuni ya wakati huo ilisema panga sampuli zote kuanzia ndogo hadi kubwa, tazama ile inayosimama nafasi ya tisini katika kila mia. Ikivuka 15, chukua hatua. Kwa hiyo nani anaingia kwenye foleni ni jambo la uzima na mauti. Wakazi waliagizwa wafungulie koki dakika kadhaa usiku wa kuamkia siku ya sampuli, jambo linaloosha risasi iliyokuwa imejikusanya. Katikati ya 2015 mji ulikuwa na sampuli 71, na namba ya kuhukumia ilikuwa juu ya 15. Sampuli mbili zikaondolewa, zikabaki 69. Namba ikashuka hadi 11. Mojawapo ya zilizoondolewa ilikuwa ile ya nyumba ya mabomba ya plastiki, kwa hoja kwamba ilikuwa na chujio.

Mto nausamehe. Kloridi nayo haina kosa, inafanya inavyofanya popote. Hizo chupa mbili ndizo zinazonikasirisha kila ninapokirudia kisa hiki. Agosti ile Virginia Tech na wakazi walikusanya sampuli zao wenyewe, zaidi ya 250, bila kuosha mabomba kwanza, na namba yao ikazidi 25.

Damu

Tarehe 24 Septemba 2015 daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alitoa hadharani hesabu alizozichota kwenye kumbukumbu za hospitali. Katika utafiti wake uliochapishwa baadaye, watoto wa Flint wenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu walikuwa wameongezeka kutoka asilimia 2.4 kabla ya maji kubadilishwa hadi 4.9 baada yake. Mwanzoni maofisa wa jimbo walimpinga, kisha wakarudia hesabu zao wakaona anachosema.

Wapo wanaosema Flint ilikuzwa mno. Hoja yao ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, petroli ilipokuwa bado na risasi, wastani wa watoto wadogo wa Marekani ulikuwa karibu 15, mara tatu ya mpaka unaotumika hapa. Namba hiyo ni ya kweli. Magari yalikuwa yakitoa risasi hewani, watoto wakaivuta na kuilamba kwenye vumbi, na ilipoondolewa kwenye petroli damu zao zikasafika. Ila kusema jirani aliumwa zaidi zamani si kumpima huyu wa leo. Risasi haikai sana kwenye damu. Nusu yake hupotea kwa mwezi hivi. Mtoto aliyekunywa kipande kilichobanduka Julai, akapimwa Novemba, anaweza kuonekana salama. Na watoto wa Marekani hupimwa zaidi wakiwa na mwaka mmoja au miwili, wakati aliye hatarini kuliko wote ni kichanga anayenyweshwa maziwa ya unga, ambaye chakula chake karibu chote ni maji ya koki.

Mwili haujui kuikataa risasi kwa sababu ioni yake inafanana na ya kalisi kwa chaji na, kwa kiasi fulani, kwa ukubwa. Hupita milango ya kalisi. Kwenye ubongo unaokua, ambamo kalisi ndiyo hubeba ujumbe kati ya seli na seli, inaingilia mazungumzo hayo. Kwenye damu hukikalia kiti cha zinki katika kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza himoglobini. Mtu mzima hufyonza tumboni karibu sehemu moja ya kumi ya risasi aliyoimeza. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu, na akiwa na upungufu wa chuma au kalisi, zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani halitaji kiwango chochote kuwa salama.

Baada ya kurudi Detroit

Flint ilirudishwa kwenye maji ya Detroit tarehe 16 Oktoba 2015, na fosfeti ikatiwa kwa wingi kuliko kawaida. Waliotarajia maji yatakaa sawa wiki ile ile walisahau kwamba ukoko uliojengwa kwa miongo haujengwi upya kwa siku. Ilibidi kusubiri vipimo vya nusu ya pili ya 2016 ndipo namba ya kuhukumia ikawa 12, chini ya kikomo. Mabomba yenyewe yalianza kufukuliwa. Hadi katikati ya 2025 yalikuwa yamebadilishwa yapata 11,000. Kwenye mahakama, fidia ya dola milioni 626 iliidhinishwa Novemba 2021.

Mabomba hufukuliwa. Risasi iliyotoka kwenye damu haitoki yote mwilini. Sehemu kubwa huhamia mifupani, na huko hukaa miongo. Madini ya mfupa ni fosfeti ya kalisi, na risasi hupenya na kukaa mahali pa kalisi. Madini ambayo fosfeti huyajenga na risasi kwenye ukuta wa bomba ni ya ukoo mmoja na hayo ya mfupa. Mfupa nao hubadilika pale mwili unapobadilika: katika ujauzito, wakati wa kunyonyesha, na uzeeni, mwili huchota kalisi mifupani, na risasi iliyojificha humo hutoka nayo na kurudi kwenye damu. Msichana aliyekuwa na mwaka mmoja mwezi ule wa Aprili 2014 atafikisha miaka ishirini mwaka 2033.